Taka za Mwaka 2040: Mjadala wa Baraza la Mbau

Sensa ya mwisho ya Msumbiji ilianza tarehe 1 Agosti 2017. Vita vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia usiku wa kuamkia tarehe 5 Oktoba mwaka huohuo. Tangu makarani walipowahesabu watu mpaka watu walipoanza kukimbia, ilipita miezi miwili tu. Kila hesabu inayofanywa leo juu ya mkoa huu, iwe ya madarasa, ya chanjo au ya takataka, inaanzia kwenye namba zilizoandikwa Agosti ile. Ndiyo sababu nimelileta swali la taka Mbau, sikulipeleka Maputo.

Mbau ni tarafa ya wilaya ya Mocímboa da Praia, kusini mwa mji. Ilikaa mikononi mwa wapiganaji hadi Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoitwaa. Wenyewe wakaanza kurudi baadaye, kidogo kidogo. Swali nililowawekea ni hili: je, inawezekana kujua nchi itatoa taka kiasi gani mwaka 2040, na kujua huko kuna faida gani kwa mtu aliyerudi juzi kujenga upya?

Nimezikalisha sauti nne baraza moja. Sikuzipa majina, kwa kuwa kila moja nimeikusanya kutoka kwa watu wengi: karani aliyesomea takwimu, bibi mkulima aliyekimbia akarudi, kijana mwenye barraca, yaani kibanda cha biashara, na maalim wa madrasa. Mimi nimeingilia pale niliposhindwa kunyamaza.

KARANI: Nianze na njia yenyewe, maana wako wanaodhani ni uganga. Unahitaji kujua mambo mawili: watu watakuwa wangapi, na kila mmoja atatupa kiasi gani kwa siku. Kisha unazidisha. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 inasema mtu wa Afrika kusini mwa Sahara hutupa wastani wa kilo 0.46 kwa siku. Wastani wa dunia nzima ni kilo 0.74. Sensa ya 2007 ilitukuta milioni 20 na ushei, ya 2017 karibu milioni 28. Kwa mwendo huo tunajirudufu kila baada ya miaka 23 hivi, kwa hiyo mwaka 2040 tutakuwa kama milioni 56. Zidisha kwa 0.46, halafu kwa siku 365. Unapata tani milioni 9.4 kwa mwaka.

KIJANA: Na watu wakipata hela zaidi, kaka? Mimi nauza. Mtu mwenye sarafu mbili hununua kipimo cha mafuta na chupa anakuja nayo mwenyewe. Akiwa na noti hununua chupa mpya, na biskuti, na maji ya kiwandani.

KARANI: Umeligusa lenyewe. Ndiyo maana wakadiriaji hutazama pato la kila kichwa, wakauliza nchi zenye pato la namna hiyo hutupa kiasi gani. Tuseme mwaka 2040 Mmsumbiji atatupa kilo 0.6 badala ya 0.46. Jumla inapanda hadi tani milioni 12.3. Tofauti ni gramu 140 kwa mtu, uzito wa embe dogo, lakini kwa nchi nzima ni karibu tani milioni 3 kila mwaka.

BIBI: Mjukuu wangu, hiyo 0.46 ni ya nani?

KARANI: Ni wastani, bibi.

BIBI: Nimekusikia. Nauliza ni ya nani. Maganda ya muhogo kwangu huliwa na mbuzi. Majivu nayamwaga kwenye mashina ya migomba. Chupa ya mafuta tuliyopewa kwenye msaada bado ninayo, na gunia la mchele wa msaada nimelitandika chini ya mkeka. Jioni nafagia uwanja, majani nayachoma. Mzani wenu ungepima nini hapo?

Hapa niliingilia, kwa sababu bibi ameweka kidole penye kidonda. Katika ripoti ile ile, nchi ya chini kabisa ina kilo 0.11 kwa mtu kwa siku na ya juu kabisa ina 4.54. Kati ya namba hizo mbili mmekaa dunia nzima. Wastani wa Afrika umechanganya Johannesburg na kisiwa cha wavuvi, na ukiuchukua mzimamzima ukauweka Mbau, unamhesabia bibi huyu taka za mtu ambaye hajapata kumwona. Kisha liko suala la kitu gani kinaitwa taka. Turubai lililochakaa ni taka kwa mgeni. Kwa aliyerudi ni ukuta wa choo mpaka mvua zipite. Kinachotupwa hutegemea kilichobaki nyumbani, na watu waliopoteza kila kitu hawatupi upesi.

KARANI: Sikatai. Basi tupime wenyewe. Njia ipo, na haihitaji mtambo. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa lenye makao Nairobi, linafundisha hivi: chagua kaya 90 katika sehemu mbalimbali za mji, za wenye nacho na za wasio nacho, uwape mifuko, upime kila siku kwa siku 8. Mzigo wa siku ya kwanza unautupa, hauhesabiwi, kwa sababu una mabaki ya siku za nyuma. Zinabaki siku 7 safi.

BIBI: Siku 7 za mwezi gani?

KARANI: Wowote utakaokuwa.

BIBI: Hapana, hapo umekosea. Ukija msimu wa maembe utakuta makokwa na maganda mpaka nzi wanakataa kuondoka. Ukija wakati wa kukoroga udongo wa kukandika nyumba utakuta matope. Ukija Ramadhani, futari ina vyake. Ukija mwezi wa njaa, kabla mahindi hayajakomaa, utaondoka na mfuko mtupu useme watu wa Mbau ni wasafi sana.

MAALIM: Na wakati wa masika mzigo uleule huwa mzito kwa sababu umelowa.

KARANI: Basi tupime mara mbili, kiangazi na masika.

Niliandika hilo kwenye daftari langu na kulipigia mstari. Ni jambo la maana kuliko mengi niliyosoma juu ya makadirio ya taka, na limetoka kwa mtu ambaye hajawahi kuona mchoro wa takwimu.

MAALIM: Mimi nina swali la kabla ya hayo. Ya kesho ni ghaibu, na ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini Nabii Yusuf aliambiwa ndoto akaifasiri: miaka saba ya neema, miaka saba ya ukame. Hakuna aliyemwambia anaingilia mambo ya Mungu. Kwa hiyo kukadiria kwenyewe hakuna ubaya, kama kunafuatwa na kazi.

BIBI: Maalim, Yusuf alipewa funguo za ghala. Sisi tunaletewa namba, funguo zinabaki kwa mwingine.

Baraza lilitulia kidogo. Kisha karani akajitetea kwa mifano ambayo wote tunaijua kwa masikitiko. Jaa la Hulene, Maputo, liliporomoka alfajiri ya tarehe 19 Februari 2018 baada ya mvua kubwa, likafukia nyumba na kuua watu 17. Jaa la Kiteezi, Kampala, lilifunguliwa mwaka 1996. Tarehe 10 Agosti 2024 liliporomoka, waliokufa wakapita 30. Kwake yeye huo ni ushahidi kwamba miji yetu inakua bila kuhesabu.

BIBI: Walikuwa hawajui kwamba linajaa?

KARANI: Walijua.

BIBI: Basi hesabu haikuwa ndiyo iliyokosekana.

Bibi ana haki, na naongeza mfano wa tatu. Dandora ya Nairobi ilitangazwa imejaa mwaka 2001, na malori yameendelea kuingia. Hulene nayo ilikuwa imesemwa kwa miaka mingi kwamba ifungwe. Katika majaa yote matatu namba ilikuwepo, nyumba zikawa chini ya mlima wa taka, mvua ikanyesha. Hata hivyo sikubali kwamba namba haina kazi. Namba inayojulikana na watu wa ofisini peke yao ndiyo isiyo na kazi. Laiti waliojenga chini ya Hulene wangekuwa na karatasi mkononi inayosema jaa hili litafika kimo fulani mwaka fulani, wangekuwa na kitu cha kuwashikia wakubwa.

KIJANA: Mimi nina shaka na jambo jingine. Umesema makadirio yanategemea pato. Na pato la nchi hii limekadiriwaje? Kwa gesi. Mwanzoni mwa 2016 Shirika la Fedha la Kimataifa lilisema uchumi wetu ungekua kwa wastani wa asilimia 24 kila mwaka kati ya 2021 na 2025, kwa sababu ya gesi ya Rovuma. Miezi michache baadaye madeni ya siri ya serikali yakafichuka. Kisha tarehe 24 Machi 2021 Palma, mji ulio jirani na mradi wa gesi, ikashambuliwa, na Aprili TotalEnergies wakatangaza kwamba mradi wao umesimama kwa dharura. Kama ulipanga malori ya taka kwa ule ukuaji wa asilimia 24, leo una malori ya kubeba nini?

Kijana huyu husikiliza redio kibandani kwake kutwa nzima, na huo ndio mchango wake bora. Makadirio ya taka yanasimama juu ya makadirio ya pato, makadirio ya pato juu ya makadirio ya gesi, na ya gesi juu ya amani ambayo hakuna aliyeikadiria. Ukisoma tani milioni kadhaa kwa mwaka fulani huoni ngazi hizo. Unaona namba moja, imenyooka kama mnazi.

Liko pia jaribu la kuipinda namba. Mwaka 2019, kabla ya uchaguzi, waandikishaji walisema mkoa wa Gaza una wapiga kura zaidi ya milioni 1.1. INE, taasisi ya taifa ya takwimu, ikasema watu wenye umri wa kupiga kura Gaza hawazidi kama 836,000, na kwamba kwa makadirio yake mkoa ungefikia idadi ile iliyoandikishwa mnamo mwaka 2040. Tofauti ilikuwa zaidi ya watu 300,000. Mkuu wa INE, Rosário Fernandes, alijiuzulu mwaka huo. Naukumbusha mkasa huu kwa sababu watu hudhani makadirio ni jambo baridi la mahesabu. Mwenye kushika idadi ya watu ameshika kura, bajeti, na ukubwa wa jaa.

KARANI: Mimi nalikumbuka jambo hilo kila nikifungua daftari. Ndiyo maana sasa sitoi namba moja. Natoa tatu: ya chini, ya kati na ya juu, na kila moja naiandikia *kama* yake. Kama gesi itaongezeka, kama vita vitarudi, kama watu watakaa. Na tuache tani, tuseme ardhi, maana ardhi kila mtu anaielewa. Tuseme, kwa mfano tu, tarafa ina watu 10,000. Wakitupa kilo 0.2 kila mmoja kwa siku, ni tani 730 kwa mwaka. Wakitupa 0.46, ni tani 1,679. Mita moja ya ujazo ya taka iliyoshindiliwa kidogo ina kilo kama 300. Chimba shimo la kina cha mita 3. Kwa miaka 15 utahitaji hekta 1.2 kwa hesabu ya kwanza, au hekta 2.8 kwa ya pili.

BIBI: Hekta 1.2 ni machamba yangu yote na ya dada yangu.

KARANI: Ndiyo, bibi.

BIBI: Na utalichimba wapi?

Swali hilo lilikula muda kuliko mengine yote, na nalitaja kwa urefu kwa sababu hapo ndipo makadirio yanapogusa chini. Kijana alitaka shimo liwe mbali, kando ya barabara ya kwenda mjini. Maalim akauliza wakati wa kusi moshi utaelekea wapi, na wakati wa kaskazi utaelekea wapi, maana taka zitachomwa tu hata wakikatazwa. Bibi alitaka kujua maji ya mvua yakishuka yanapita wapi kabla ya kufika kisimani. Karani akakiri kwamba hesabu yake haina kisima ndani yake. Halafu bibi akasema jambo lililopunguza shimo lile kwa maneno machache: maganda na majani yasiingie humo kabisa, yarudi shambani. Katika nchi maskini mabaki ya chakula na majani ni zaidi ya nusu ya taka zote. Ripoti ya 2018 inasema asilimia 57. Ukiyatoa hayo, hekta 1.2 zinakuwa karibu nusu hekta, kwa hesabu ya uzito, na kinachobaki ni cha kijana: plastiki, makopo, vifungashio.

KIJANA: Mbona mimi?

BIBI: Wewe ndiye unayeuza.

KIJANA: Mimi nauza kinachoshuka kwenye lori, bibi. Wakiniletea sabuni ya kipande nitauza ya kipande. Wanaleta ya pakiti ndogo ndogo.

MAALIM: Basi sheria ifike huko juu. Zanzibar walipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sasa ng'ambo ya Ruvuma hapo mtu haendi sokoni na ule mfuko wanaouita rambo. Aliyekadiria plastiki za Tanzania mwaka 2010 aliichora hiyo sheria?

KARANI: Hakuichora. Hakuweza.

MAALIM: Basi mstari wako unapindika kwa vita na unapindika kwa sheria. Cha vita hatukiwezi. Cha sheria tungeweza.

Nakubaliana na maalim, na nasikitika kwamba kila makadirio niliyoyaona huchorwa kama kwamba watu watakaa wakisubiri namba itimie. Benki ya Dunia ilisema dunia itafika tani bilioni 3.40 mwaka 2050. Ripoti ya 2024 ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ikasema 3.8. Katika miaka sita kesho imeongezeka tani milioni 400. Mabingwa hawakosi hesabu. Ni kwamba wanachokadiria ni tabia za watu, na watu hubadilika. Askari wa Rwanda waliokuja Cabo Delgado wametoka nchi yenye umuganda, kazi ya pamoja ya kufanya usafi kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Katika mfumo upi wa hesabu inaingizwa Jumamosi hiyo?

KIJANA: Na taka za kimbunga? Kenneth alipopiga Aprili 2019, na Chido Desemba 2024 kule Mecufi, kwa siku moja paa, minazi, mashua na madaftari ya shule vyote viligeuka taka.

KARANI: Hizo huitwa mabaki ya maafa. Huwekwa kando, hazimo kwenye kilo 0.46.

BIBI: Na bati zilizoungua? Nilipofika kwangu nilikuta bati zimejikunja kama majani makavu, na maganda ya risasi, na vitu ambavyo askari walituambia tusiviguse. Wiki nzima nilitoa vitu. Maisha yangu yote sijawahi kutoa taka nyingi namna ile.

KARANI: Nazo huwekwa kando, bibi.

BIBI: Mbona vyetu vyote vinawekwa kando?

Karani hakujibu upesi, na namsifu kwa hilo. Alifungua daftari lake mahali alipokuwa amechora mstari wa taka za Mbau kuanzia mwaka wa sensa. Mstari unaanza 2017, unatambaa kidogo, halafu hapo kalamu imesita. Mwisho wa 2022 waliokimbia makwao kwa ajili ya vita hivi walikuwa wamezidi milioni moja. Katika mstari wa nchi nzima hawaonekani, kwa sababu mtu akikimbia Mbau akafika Pemba bado ni Mmsumbiji mmoja na bado anahesabiwa kilo zake. Katika mstari wa Mbau anatoweka.

KARANI: Hapa nilikuwa nataka kuandika sifuri, kwa miaka ile ya Mbau kuwa mikononi mwa wapiganaji.

MAALIM: Usiandike sifuri. Wako waliokuwa wameshikwa humo, hawakuwa na pa kwenda. Acha wazi.

KARANI: Nikiacha wazi, maalim, anayekuja baada yangu atadhani nilisahau, na atajaza mwenyewe. Atavuta mstari kutoka 2017 hadi leo, mnyoofu, kana kwamba hapakutokea kitu.

BIBI: Usiandike sifuri, wala usiache wazi. Andika tulikokuwa.

KARANI: Nianzie wapi?

BIBI: Anzia msituni, siku 9. Hapo hatukutupa kitu, hatukuwa na kitu. Kisha Mueda, mwezi na nusu, kwa watu wa shemeji yangu. Tulikuwa 22 katika nyumba moja. Kisha Montepuez. Umeandika Montepuez? Huko ndiko tulikopewa turubai. Halafu Metuge, miaka miwili kasoro miezi, na hapo andika vizuri, maana hapo mwanangu wa mwisho alizaa, na shimo la taka la kambi nilichimba na mimi.